Rejeta za Mzee Simiyu

Nyinyi mnaosomea ufundi wa mabomba siku hizi mnafundishwa na watu wasafi mno. Nimewaona. Mwalimu anasimama mbele na shati jeupe, anaonyesha michoro ukutani, nyinyi mnanakili, halafu mnapewa cheti na kupigwa picha mkiwa mmekumbatia spana ambayo haijawahi kugusa maji. Sina ubaya na cheti. Ningepewa changu ningekitundika. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba kazi hii ni ya kuingia katika sebule za watu, na kwamba bomba ni rahisi kuliko mwenye bomba. Basi kaeni, na mwenye simu aiweke mfukoni.

Mimi ni Nafula, mzaliwa wa Bungoma, fundi wa mabomba mjini Kitale mpaka magoti yalipogoma. Siku hizi nakaa nyumbani nafuma, lakini vijana bado wananitafuta, na wote wanakuja na picha ileile. Wananionyesha rejeta nyembamba, nyeusi, imesimama ukutani kama mlinzi wa benki. Kando yake kuna mmea kwenye chungu, na mwanamke asiye na viatu anakunywa kahawa akitazama dirisha. "Mama, mteja anataka hii." Nawaambia kwanza mwangalie ile nyumba. Haina mtoto, haina kuku, haina mgeni aliyekuja kwa siku mbili akakaa mwezi. Nyumba kama hiyo hata ukiweka rejeta ya trekta itapendeza.

Kwa wale ambao hawajaiona, rejeta ya nyumba ni chuma cha kutundika ukutani. Maji yanachemshwa kwenye boila huko nje kwa kuni, yanapita ndani ya chuma, chuma kinapata moto, chumba kinapata joto, maji yanarudi kuchemshwa tena. Ni hayo tu. Kitale kuna baridi ya kutosha, hasa mwezi wa saba, lakini sisi tulizoea kuvaa sweta tatu na kulalamika. Siku ya kwanza nilipoingia duka la vifaa nikaulizia rejeta ya sebule, muuzaji alimwita mwenzake aje anisikie.

Aliyenifundisha ni Mzee Kamau, wa zile familia zilizotoka mkoa wa Kati zikapata mashamba upande wa Kwanza, nje ya Kitale. Nilikuwa nauza chai na mandazi mlangoni kwa karakana yake. Siku moja alikuwa chini ya tangi, mikono yote miwili imeshika mahali panapovuja, anapiga kelele aletewe spana, na wanaume wote walikuwa wamekimbia barabarani kutazama watu wawili wakipigania wilbaro. Nilimpa spana. Ilikuwa ndiyo yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeangalia kazi yao muda mrefu kuliko walivyodhani. Hakunisifu. Alisema chai yangu imepoa. Kesho yake akaniambia niache birika nyumbani nije na suruali.

Kamau alikuwa na ulimi mchafu na mikono safi. Alinifundisha kugusa paipu ya moto kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja kikiungua hutashika spana tena wiki hiyo. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye boila na mpini wake sikioni, nisikie kama maji yanatembea au yanajizungusha tu. Rejeta ikiwa na moto chini na baridi juu, ndani kuna hewa. Fungua kile kizibo kidogo cha pembeni, uweke kitambaa chini, usubiri ikohoe. Na usisimame mbele yake. Mimi nilisimama mbele yake. Maji yanayotoka huko ni meusi na yananuka misumari iliyooza, na siku hiyo nilikuwa nimevaa blauzi ya kwenda kanisani jioni.

Halafu kuna kuta zetu. Matofali ya kuchoma ya huku kwetu mengine yameiva, mengine yameonyeshwa moto tu kwa mbali. Rejeta ikiwa tupu unaibeba chini ya kwapa. Ikijaa maji inahitaji wanaume wawili, na mmoja wao awe anaomba. Kuna nyumba moja huko Kwanza nilitundika rejeta niliyoichomelea mwenyewe, misumari mifupi, haraka haraka kwa sababu ushirika wa maombi ulikuwa unakuja. Walipofika kwenye kumwomba Bwana ashuke, ikashuka rejeta. Watu walitoka kwa madirisha. Mwenye nyumba hakunilaumu, alisema maombi hayajawahi kuwa na nguvu hivyo, lakini Mzee Kamau alinifanya nitoboe ukuta mpaka upande wa pili na kufunga bolti ndefu mbele ya ushirika wote.

Sasa twende Kibomet, pembeni mwa Kitale, kwa Mzee Simiyu.

Mzee Simiyu alinunua na kuuza mahindi Kitale maisha yake yote, na mahindi yakamjengea nyumba kubwa Kibomet, ya madirisha mapana, dari ya juu, na vigae sakafuni kila mahali. Nyumba nzuri, na baridi yake usipime. Mke wake, Mama Naliaka, alikataa kuhamia. Alibaki kwao Bungoma ambako kuna joto, na Mzee alikuwa akienda huko mwisho wa wiki. Enzi zile za biashara haikuwa neno. Lakini sasa alikuwa amezeeka, mguu mmoja ulikuwa umelegea baada ya ugonjwa, watoto wametawanyika, na jioni alikuwa anakula mkate na chai peke yake katika sebule ambayo ungeweza kuegesha lori.

Nilimuuliza kwa nini asirudi Bungoma yeye. Akasema stoo bado iko Kitale, na mwanaume aliyezoea mahindi akikaa bila kunusa gunia anaanza kusahau majina ya watoto wake. Halafu akasema, nikiwa napima ukuta, bila kuniangalia:

"Nafula, mimi si mambo ya urembo natafuta. Natafuta mtu wa kuongea na mimi asubuhi."

Nilijifanya napima tena mahali nilipokwisha kupima. Mtu wa umri wake kukuambia jambo kama hilo, unakosa pa kuweka macho.

Naliaka, binti yao, anaishi ng'ambo, na ndiye aliyechagua rejeta na kuzituma. Nilipofungua makasha niliweka spana chini. Maisha yangu yote nilikuwa nimechomelea rejeta kwa paipu za maji, zinatoka na sura ya kitanda cha hospitali. Hizi zilikuwa kitu kingine. Moja ilikuwa ndefu, nyeusi, bapa, bila alama yoyote, inafika karibu na dari. Nyingine ilikuwa ya paipu nyembamba zilizopangwa wima, rangi ya majivu. Niliipapasa nikatafuta mahali walipochomelea nisipate. Niliona wivu, nawaambia ukweli.

Naliaka alikuwa kwenye simu ya Mzee, ananiona na mimi namwona. "Fundi, hiyo nyeusi ndiyo pambo la sebule. Iweke mahali mtu akiingia anaiona kwanza. Na usiruhusu mtu aweke kitu hapo mbele."

Niliiweka. Kwa bolti ndefu. Nikajenga boila nyuma ya jikoni, nikafunga pampu ya kuzungusha maji, na tulipowasha sebule ilipata joto mpaka Mzee akavua kofia. Akapiga simu Bungoma hapo hapo. Mama Naliaka alisikiliza yote, boila, pampu, rejeta, kisha akatoa masharti yake, na sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba sote tulisikia.

"Nitakuja mwezi wa saba, baridi ikiwa kali kabisa. Nikitetemeka, naludi Bungoma, na usiniite tena kwa hiyo fliji yako."

Mtu wetu wa Bungoma akikasirika, r na l hubadilishana viti, na huyo alikuwa amekasirika kabla hajafika. Mzee alikata simu akacheka, lakini papo hapo akanituma niongeze kuni. Alijua mke wake hasemi jambo mara mbili.

Mama alikuja mwezi wa saba. Alikuja na begi moja la nguo na mifuko mikubwa ya vitambaa. Nyinyi wengine mmekulia kwenye nyumba za kupanga na hamjui uzito wa jambo hili, kwa hiyo nieleze. Kwetu, sebule haikai uchi. Kiti kina kitambaa cha mgongo na cha mikono, meza ina chake, redio, televisheni, hata chupa ya chai ina kisketi chake. Mwanamke amevifuma mwenyewe kwa miaka, kwa kroshia, jioni moja baada ya nyingine. Mwanamke akija kutembea anabeba nguo. Akija na vitambaa vyake amekuja kukaa.

Baada ya siku chache Mzee akanipigia. "Nafula, hapa kuna baridi."

Nilifika nikakuta sebule nyeupe yote. Na rejeta zimevalishwa. Ile nyeusi ya Naliaka ilikuwa na gauni jeupe la uzi mzito, maua ya bluu, limeshonewa shuka kwa ndani lisionyeshe chuma, linatoka juu mpaka sakafuni. Ile ya paipu nyembamba ilikuwa na lake. Sasa nisikilizeni vizuri, nyinyi wenye vyeti. Nikaangalia lile gauni, na kitu pekee nilichowaza ni kwamba mshono wa kona zake ni mzuri kuliko wangu.

Nikalivua kwa adabu, nikalikunja, nikaliweka kitini. Nikagusa rejeta kwa mgongo wa mkono. Moto! Nikasema rejeta ni nzima. Nikachukua lile gauni, nikairudishia rejeta, nikanyoosha maua yakae mbele. Kisha nikaona mlango wa mbele uko wazi, nikapata wa kumlaumu.

"Mama, mlango ukiwa wazi joto lote linaenda kwa jirani."

"Nifunge mlango mchana? Watu watasema tunapika nyama kwa siri."

Lakini alifunga. Baridi ikabaki pale pale.

Mara ya pili nilikuja na hasira za kifundi. Nikavua magauni, nikatoa hewa rejeta zote mbili, zikakohoa, nikasimama pembeni kama nilivyofundishwa. Nikaweka bisibisi sikioni, maji yanatembea vizuri. Nikaongeza kuni mwenyewe. Mzee Simiyu alikaa kitini amevaa koti na kofia, na kila nilipovua gauni aliinama mbele kunitazama, na kila nilipolirudisha aliegemea nyuma akashusha pumzi. Nilifikiri ni mgongo unamsumbua, nikamshauri dawa ya kuchua.

Naliaka alipiga simu siku hiyo aone sebule yake. Mzee akamwonyesha dari. "Baba, geuza simu." Akageuza, akamwonyesha dari upande wa pili. Mama Naliaka alikuwa amekaa na blanketi magotini, midomo imekauka. Nilipokuwa natoka alinifuata mpaka mlangoni.

"Mwanangu, umejaribu. Si kosa lako. Hii nyumba imekataa mimi."

Niliumia. Nilikuwa nimepasha joto vyumba vya watu ambao hata hawakupendana, na hawa wawili waliotaka kukaa pamoja ndio walionishinda. Nilirudi nyumbani nikamsema Mzee Kamau, marehemu wa miaka mingi, kwa kutonifundisha lililobaki.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee akanipigia tena. Hakusema kuna baridi. Alisema, "Anafunga mizigo." Nikabeba pampu mpya, nikapanda bodaboda, nikamwambia kijana asiangalie mashimo.

Nilimkuta Mama Naliaka amesimama katikati ya sebule na sweta mbili na leso mabegani. Begi lake lilikuwa karibu na mlango. Alikuwa anakusanya vitambaa, na mwanamke wa namna yake havikusanyi kama anayekimbia mafuriko. Anakitoa kimoja, anakikung'uta, anakikunja mara mbili, anakilaza kwa kiganja, anakiweka juu ya kingine. Alianza na viti, akaja kwa meza, akaja kwa televisheni. Mzee alikuwa kitini pake, macho sakafuni.

"Mama, nipe nafasi kidogo tu," nikasema. "Nimekuja na pampu."

"Weka pampu yako, Nafula. Mwekee yeye, yeye ndiye anabaki. Lakini kwanza kunywa chai."

Nikaenda nyuma nikafungua boila, nikalisha kuni, nikaanza kulegeza pampu ya zamani, na nilipoisikiliza kwa mara ya mwisho nikaona haina kosa lolote. Nilikaa hapo nje muda, nimeishika spana, sijui la kufanya. Sikutaka kurudi ndani kumwambia mtu mzima kwamba kila kitu kinafanya kazi na mke wake anaondoka hivyo hivyo.

Niliporudi nilikuta ameshavua magauni ya rejeta. Ile nyeusi ilikuwa imesimama wazi, na ile ya majivu pia. Mama alikuwa amekaa chini ya dirisha analikunja gauni kubwa, taratibu, chai yake iko kando. Leso ilikuwa imeshuka kiunoni. Nikakaa ninywe yangu. Tukaongea habari za Bungoma, nani ameoa, nani amezika, mahindi ya nani yameshikwa na mvua. Mama akavua sweta ya juu huku anaongea. Akaendelea kukunja. Kisha akajipangusa shingo.

Akaacha kukunja. Akaangalia mlango, umefungwa. Akaangalia ile sweta kwenye mkono wa kiti, kama imewekwa hapo na mtu mwingine. Akanyoosha mkono kuelekea rejeta nyeusi na kuurudisha haraka. Akaliangalia lile gauni mapajani mwake, uzi mzito na shuka ndani, halafu akaniangalia mimi.

Nawaambia, nilitaka sakafu ipasuke. Mara mbili nililivua kwa mikono yangu hii. Mara mbili nikalirudisha, nikanyoosha na maua.

"Nafula," akasema.

"Ndio, mama."

"Wewe si ni fundi?"

"Nilifikiri hivyo."

Akageuka kwa mume wake. Mzee Simiyu hakuwa ameinua macho, na hakuwa na mshangao wowote usoni. Mama akaliona hilo kabla yangu.

"Baba Naliaka. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ile siku ya kwanza ulivalisha. Hata kabla jua kutua."

"Na ukakaa hapo na koti yako unatetemeka, unaita fundi, ati fundi, fundi, na unajua?"

"Nilikuwa nangoja Nafula aseme." Mzee alinyoosha kidole kwangu bila kuinua kichwa. "Hakusema. Alikuwa anarudisha tu."

"Na wewe mdomo yako ilikuwa wapi?"

Mzee aliushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili.

"Mama Naliaka, nimejenga hii nyumba nikakaa ndani yake miaka yote hiyo, na hakuna siku umeleta hata kitambaa kimoja. Sasa umeleta zote. Umeweka mpaka kwa rejeta. Mimi niseme nini? Niseme toa? Ungesikia nakufukuza. Nikaona afadhali baridi."

Mimi nilikuwa naangalia pampu yangu mpya, machozi yamenijaa na sikutaka kuonekana, kwa sababu fundi akilia kwa mteja hataitwa tena. Mama Naliaka aliinuka na gauni la rejeta mikononi. Nilidhani atampigia kelele. Alikaribia, akamvua Mzee kofia, akamwangalia kichwa chake chenye jasho.

"Mjinga kabisa wewe," akasema, taratibu sana.

Halafu akageukia kiti cha kwanza akakitandika kitambaa chake cha mgongo. Akaja kwa cha pili. Akavirudisha vyote, meza, televisheni, redio, chupa ya chai. Alipofika kwenye ile rejeta nyeusi alisimama mbele yake akiwa ameshika kiuno, akaipima kuanzia juu mpaka chini.

"Itakaa hivyo hivyo uchi," akasema. "Lakini wageni wakiuliza, mimi sijui kitu. Wewe utajibu."

"Nitajibu," Mzee akasema.

Mama akasukuma begi lake kwa mguu likateleza juu ya vigae mpaka miguuni pa Mzee.

"Basi lipeleke chumbani."

Niliinuka haraka nimsaidie, kwa sababu begi lilikuwa zito na yule mzee mguu wake mnaujua. Akanikatalia kwa mkono. Alilibeba mwenyewe, akiegemea ukuta, akisimama kila baada ya mlango mmoja, mpaka akapotea huko ndani. Kisha mimi na Mama tukasikia zipu ikifunguliwa na kabati likilia, na Mzee Simiyu akizitundika zile nguo, moja baada ya nyingine, haraka haraka, kabla mwenye nguo hajabadilisha nia.